Siku Niliyomwiba Meja kwa Spika

Naomba mnicheke sasa hivi mmalize, ili nikianza kusimulia msinikatize. Najua mmeshasikia vipande, maana kuanzia Nyansurura mpaka Nyambureti hakuna mtu asiyejua jina langu, na wengine wakiniona wanaziba mdomo kwa viganja wanalia kama fahali, hata msibani, hata padri akiwa anahubiri. Lakini ninyi mmesikia ya kuambiwa. Leo mnasikia kwa mwizi mwenyewe.

Mimi, Chacha, kazi yangu ni matangazo. Nina pikipiki, nina spika nimeifunga nyuma kwa mipira ya tyubu, nina betri, na nina mdomo (huo nilizaliwa nao, mama anasema nililia siku tatu mfululizo mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini). Kitongoji kikiwa na mkutano, mwenyekiti ananipa karatasi. Kliniki ya watoto ikibadilishwa siku, nesi ananipigia. Mbuzi akipotea, mechi ikisogezwa, mtu akifariki, watu hawasemi twende tukaulize ofisini, wanasema tumsubiri Chacha apite. Niliyapenda sana maneno hayo, na nadhani ndiyo yaliyoniharibu.

Wiki hiyo karatasi ya mwenyekiti ilikuwa na mambo matatu: Alhamisi chanjo ya ng'ombe pale joshoni, Ijumaa kusomba mawe ya zahanati, Jumapili mechi yetu na Nyambureti. La nne halikuwa kwenye karatasi, lilikuwa la kwangu. Jumamosi ndiyo siku ya kupeleka ng'ombe wa mahari kwa Mzee Nyamhanga, baba yake Bhoke.

Bhoke tumependana mwaka wa tatu huu, hilo halina shida. Shida ni mzee. Alikuwa anasema mbele ya watu, na mimi nipo pale pale nimeshika kikombe cha chai yake, "Huyu mura ni kelele tupu. Mwanaume anajulikana kwa ng'ombe, huyu anajulikana kwa betri." (Mura ni kijana kwa Kikurya, lakini akitamka yeye unajua anamaanisha kijana ambaye hajakomaa.) Wazee wa kwetu wakaenda, wakakaa, wakasema na kusema, mwisho akakubali kwa shingo upande: leteni ng'ombe Jumamosi, nikiwapenda binti ni wenu, wakirudi msije tena. Kwa hiyo kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi nilitakiwa kufanya jambo moja tu, nikae bila kumuudhi yule mzee. Siku tano. Hata kuku anaweza.

Sasa Jumatatu mchana nimepeleka pikipiki lamboni kuiosha, nikawakuta ng'ombe wa mzee wanakunywa maji, na Meja yupo. Meja ni fahali wake, anatembea polepole kifua mbele kama askari mstaafu, na ana mlio ambao Mungu aliutoa mara moja tu: anaanza chini kabisa kama mtu anasukuma kabati, halafu sauti inapanda, inakatika mara mbili, halafu mwishoni anakohoa. Akaona fahali mwingine ng'ambo ya lambo, akalia. Mimi nina simu mkononi. Nikawaza, watu wamenizoea, nikipita hawatoi hata kichwa dirishani, sasa tangazo la ng'ombe si lifunguliwe na ng'ombe? Nikamrekodi Meja mwanzo mpaka kikohozi, nikamweka kwenye flashi mbele ya sauti yangu, na nikajipongeza kwa akili nyingi. Ni uamuzi wa sekunde mbili, ndugu zangu, na bado nalipia.

Kitu ambacho sikukifikiria, na mimi ni mtoto wa hapa, nimezaliwa nyuma ya zizi, ni kwamba huku kwetu mtu anamjua ng'ombe wake kwa sauti kuliko anavyomjua shemeji yake.

Jumanne asubuhi nikawasha, nikapita barabara ya chini ya kwa Mzee Nyamhanga. Yeye yuko uani anakunywa uji, ng'ombe wameshatoka na mdogo wake, wako nyuma ya kilima kwenye majani. Mara anamsikia Meja. Siyo kilimani. Barabarani. Anasikia tena, mbali kidogo. Tena, mbali zaidi. Maneno yangu yanayofuata hayasikii kwa sababu ya upepo, anasikia fahali tu (mimi mwenyewe nilimpandisha sauti Meja kuliko mimi, nikidhani ndiyo utaalamu). Mzee akaweka kikombe chini. Ng'ombe hakimbii namna hiyo. Ng'ombe anayekwenda kasi hiyo amepakiwa kwenye gari.

Mama Bhoke akapiga yowe.

Kwa wasiotoka huku niseme kidogo: yowe la ng'ombe likipigwa, anayelisikia naye anapiga lake, linaruka kilima kwa kilima, na kila mwanaume anatoka na alichonacho. Hakuna cha ngoja nimalize kunyoa. Usipotoka, iritongo, yaani baraza letu la jadi, litakuita useme siku hiyo ulikuwa wapi, na jibu lako liwe la maana. Na ukisababisha yowe la uongo, hilo ni afadhali usiwe umezaliwa.

Mimi sikusikia yowe. Nimevaa helmeti, nyuma kuna spika, ndani ya kichwa kuna Bhoke. Nikafika madukani nikaona wanaume wanakimbia na marungu, wengine wana pinde, fundi cherehani ana futi ya mbao. Nikazima spika, nikauliza kuna nini.

"Meja wa Mzee Nyamhanga ameibiwa," fundi akaniambia huku anahema. "Wamempakia kwenye gari."

Nilisikitika, kweli nilisikitika. Kama dakika moja hivi. Halafu, Mungu anisamehe, nikafurahi. Nikaona mlango umefunguka: nani mwenye spika kijiji kizima? Nani atakayesaidia fahali apatikane, na mzee aseme kumbe kelele nazo zina kazi? Nikamwambia fundi, "Niachieni mimi," nikawasha pikipiki, nikaanza tangazo la dharura. Na kama kila tangazo la siku hiyo, lilianza na Meja.

Msiniulize kwa nini sikuunganisha. Nimejiuliza mwenyewe mpaka nimechoka. Kwangu mimi ule mlio ulishakuwa kama honi, na Meja aliyeibiwa alikuwa Meja mwingine kabisa, wa kweli, mwenye pembe. Basi nabonyeza, Meja analia, halafu mimi: "Wananchi, fahali wa Mzee Nyamhanga ameibiwa, ukiona gari lolote lizuie." Nabonyeza tena. Nikamlilisha yule fahali kilomita nyingi sana.

Mbele nikakuta barabara imezibwa kwa mawe na magogo. Nikazima spika kwa heshima, nikavua helmeti.

"Umepishana na gari lenye ng'ombe?" mmoja wao akaniuliza.

"Sijapishana na gari lolote."

"Haiwezekani. Tumemsikia sasa hivi, huko huko unakotoka. Analia vibaya, maskini."

"Huko ninakotoka?" Nikavaa helmeti. "Basi wako nyuma yangu."

Nikageuza pikipiki. Na wale wote wakaja nyuma yangu mbio, kama watu thelathini hivi. Mimi mbele nabonyeza, wao nyuma wanaambiana yuko karibu, jamani, yuko karibu kabisa.

Na huku chini, kundi la Mzee Nyamhanga, lililokuwa limeanza kukata tamaa, likamsikia Meja anarudi. Walionisimulia wanasema mtu mmoja alitamka, "Amewaponyoka, anakuja nyumbani," na mzee akakimbia kuliko vijana.

Tukakutana darajani. Huku kundi langu, kule kundi lake, katikati mimi. Mzee Nyamhanga alikuwa amevaa buti moja, lingine limebaki kwenye tope, kifua kinapanda na kushuka, na macho yana maji. Iliniuma. Sijawahi kumwona yule mzee akiwa mdogo namna ile. Akanishika bega.

"Chacha mwanangu," akasema. Mwanangu. Mara ya kwanza tangu anifahamu. "Una mdomo, mwanangu. Tangaza. Tangaza mpaka mjini Mugumu wasikie."

Nani angekataa? Nikabonyeza. Meja akalia, hatua tatu kutoka kwa mwenye Meja.

Watu wakageuka huku na huku. Vijana wawili wakashuka chini ya daraja na marungu yao kumtafuta. Mimi nikadhani haikusikika vizuri, nikaongeza sauti, nikabonyeza tena. Kusukuma kabati, kupanda, kukatika mara mbili, kikohozi. Wale vijana wakapanda juu taratibu wakaiangalia spika. Fundi cherehani akaiangalia spika. Mzee akatoa mkono wake begani kwangu, kidole kimoja kimoja, na hapo ndipo na mimi, wa mwisho kijiji kizima, nikaelewa.

Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawaongei hivi hivi uso kwa uso, wanaheshimiana kwa mbali. Mama Bhoke, hata siku ile, hakuvunja mila. Alijifunika kanga usoni, akageukia pembeni, akamwambia mwenyekiti wa kitongoji, "Mwambieni huyo kijana azime ng'ombe wake."

Mwenyekiti akanigeukia, akasema kwa upole, "Anasema uzime ng'ombe wako."

Nikazima. Simu ya mzee ikaita, ni mdogo wake kule kilimani, na kwa kuwa mzee anaweka simu sauti ya juu tulisikia wote: "Kaka, kuna kelele gani huko? Meja hapa anakula majani, anashtuka shtuka."

Hakuna aliyecheka wakati huo, msidanganywe. Kulikuwa na marungu mengi mikononi mwa watu walioacha kazi zao, na kama mwenyekiti asingesimama mbele ya pikipiki yangu, mimi leo ningekuwa natangazwa. Mzee alinitazama tu. "Mura," akasema (mwanangu alishamrudisha ndani), "umenikimbiza na kiatu kimoja." Akageuka akaenda zake.

Iritongo likakaa pale pale darajani, wazee hawakutaka hata kwenda kukaa kivulini. Hukumu ikawa fupi: spika ibaki kwa mwenyekiti, na mimi nirudie njia yote niliyopita, kwa miguu, siku hiyo hiyo, mji kwa mji, niwaeleze watu kwa mdomo wangu nilichofanya. Nikaenda. Kila mji wananiambia, "Hebu tuoneshe alivyokuwa analia," nalia, halafu wanaita wengine waliokuwa shambani, nalia tena. Bibi mmoja alisema hajasikia vizuri mwanzo, nikaanza upya, nikamaliza, akasema mwisho hukukohoa. Nikakohoa. Kufika jioni sauti imekwisha kabisa, na Bhoke amenitumia ujumbe: "Baba hajala. Hasemi kama Jumamosi ipo au haipo." Usiku huo, jamani, sikuona cha kuchekesha hata kidogo.

Alhamisi josho lilijaa. Ng'ombe waliletwa ambao hawajaletwa miaka, maana mwenye ng'ombe alitaka anione. Mtaalamu wa mifugo akamuuliza mwenyekiti ametumia njia gani kuhamasisha, mwenyekiti akanioneshea kidole. Mzee Nyamhanga naye akaja na Meja. Nikamwamkia, "Shikamoo, tata," yaani baba kwa Kikurya, kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Akapita. Akasimama. Akasema bila kugeuka, "Marahaba. Jumamosi njooni. Hiyo mashine iache."

Jumamosi tukaswaga ng'ombe mpaka uani kwake, wazee wa kwetu wamevaa makoti, mimi mikono nyuma. Mzee akatoka, akawatazama, akasema wanaonekana wazuri, lakini wiki hii amejifunza jambo: ng'ombe kwanza umsikie akilia kwa mdomo wake mwenyewe. Akasogea kwa wa kwanza, akaweka kiganja puani, akasubiri. Ng'ombe akalia. Akaenda kwa wa pili, akasubiri, akalia. Wazee wa kwetu wakatazamana. Hivyo hivyo mmoja mmoja mpaka akafika kwa mtamba mweupe, wa mwisho, mzuri kuliko wote, na mtamba akanyamaza. Mzee akasubiri. Tukasubiri. Baba yangu akampapasa mgongo, akamnong'oneza, wapi. Bhoke yuko mlangoni ameshika fremu, na mimi ambaye kijiji kizima kimenisikia nikilia kama ng'ombe, siku hiyo nikabaki kumwomba mtamba kwa macho.

Ndipo kule zizini Meja mwenyewe akalia. Kutoka chini kabisa, akapanda, akakatika mara mbili, akakohoa. Na yule mtamba akainua kichwa akamjibu.

Mzee Nyamhanga hakumtazama mtamba. Hakutazama zizi. Aligeuka haraka akanitazama mimi, mikono yangu. Nikaitoa nyuma, nikaiinua yote miwili juu, mitupu, vidole vimeachana.

Akavikagua vidole kwa macho. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akashika nguzo ya zizi.

"Ni mwenyewe," akawaambia wazee. "Waingizeni."

Spika nilirudishiwa, na bado natangaza, Bhoke ndiye anayenisomea karatasi kabla sijatoka. Natumia sauti yangu tu. Juzi mwenyekiti ameniuliza kama tangazo la chanjo ya kuku siwezi kulifungua na jogoo kidogo, nikamwuliza, jogoo wa nani?