Mkamwana Aliyenyamaza Mbele ya Baba Mkwe

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka siwezi kukaa kwenye kiti nikatulia. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, mkalimani wa daktari Mhispania aliyekuja kwenye zahanati yetu huku Kimuli. Kihispania nilifundishwa na masista, na nilijiona hakuna wa kunigusa. Ujana nao!

Akaja Koku, mke wa mtu kutoka Mabira, mimba ya miezi saba. Alikuja kwa miguu, baba mkwe mbele, yeye nyuma, maana mume alikuwa machungani na ng'ombe. Mganga wetu wa zahanati akampima haraka, akaandika kwa Kiingereza kwamba mgonjwa ni quiet, akanipa nimtafsirie daktari. Kamusi ilinipa maneno mawili: tranquila, yaani ametulia, na callada, yaani amenyamaza. Nikatazama foleni ilivyojaa, nikachukua la kwanza. Hata kuinuka kumchungulia sikuinuka. Daktari akaitikia kwa kichwa, akaenda kwa mtoto mwenye degedege.

Ikapita saa nzima. Mkunga wetu, Ma Kokubanza, mama mtu mzima asiyecheka ovyo, akaniuliza yule binti amesemwaje. Nikamwambia ametulia.

"Wewe si Mnyambo, mzaliwa wa hapa hapa?" akaniuliza. "Mkamwana gani umemwona akitaja tumbo lake mbele ya baba mkwe? Umemuuliza nani kama ametulia?"

Akamwomba mzee atoke nje kidogo. Mlango ulipofungwa tu, Koku akaangua kilio. Tumbo lilimkata tangu alfajiri, na mtoto hachezi tena. Nilikimbia kwa daktari hadi kiatu kikanivuka, gari likamkimbiza hospitali. Koku alipona. Mtoto hakupona.

Labda asingepona hata bila ile saa yangu, sijui. Hakuna aliyenilaumu, na hilo linanikera kuliko lawama.

Basi sikia, wewe unayebonyeza simu na tafsiri ikaja kabla hujameza mate. Haraka haraka haina baraka. Neno likikupa njia mbili, usichague ukiwa umekaa. Inuka ukamtazame anayesemwa, muulize mahali anapoweza kujibu. Na ukishindwa, sema hujui, kwani kuuliza si ujinga. Ningesema sijui, mwanangu, neno dogo tu hilo, daktari angeenda kumwona mwenyewe.

Mungu akujalie miguu isiyochoka kwenda kuuliza. Na akuepushe na haya yangu ya kila Jumapili nikitoka kanisani: Koku ananiita kwake, ananitolea kahawa ya kutafuna, ile ya kumkaribishia mgeni wa heshima, ananiuliza habari za wanangu, nami sijui uso niuweke wapi.