Mabati Ishirini na Mawili ya Pancras

Mume wangu Pancras alikuwa fundi, lakini sifa yake kubwa haikuwa kujenga. Ilikuwa kubomoa. Aliweza kuifungua nyumba nzima asivunje hata ubao, na kila msumari aliouchomoa aliunyosha juu ya jiwe akautia kwenye mkebe. Watu walimcheka. Mimi sikucheka.

Mwaka sabini na nne tuliambiwa tuhame kule mlimani, upande wa Mugoma, twende kijiji cha ujamaa kando ya barabara. Watu wa operesheni walipita wakachora chaki kwenye milango ya nyumba zote za kuhama. Mlango wangu pia waliuchora. Niliufuta, wakarudi wakauchora tena.

Wengi waliacha nyumba wakabeba kuku. Pancras alikataa. Mabati yetu ishirini na mawili tuliyanunua kwa kahawa ya miaka sita, na mama yake, Melania, alikuwa na pumu, hawezi unyevu.

"Mvua haitamkuta mama nje," alisema. "Ataingia chini ya mabati yake yaleyale."

Akafungua nyumba, akatangulia na nguzo na mbao. Mimi na jirani yangu Speciose tukafuata na wabebaji wa mabati. Tulipopumzika mtoni nikageuza bati moja. Kwa ndani, juu ya masizi ya jiko langu, kulikuwa na chaki. La pili, chaki. Yote!

"Hata mabati wameniandikia!" nilisema. Nikachota mchanga na kuanza kusugua.

"Mama Deodata, ni mabati hayo au sahani za harusi?" Speciose alinicheka.

"Siingii ugenini na chaki yao mimi."

Nilisugua yote ishirini na mawili. Yaling'aa.

Pancras alikuwa ameshasimamisha nguzo. Akapokea bati la kwanza, akaligeuza. Akachukua jingine.

"Mama Deodata, namba zangu za chaki ziko wapi?"

"Namba gani?"

Ndipo akanieleza. Kila bati lina matundu yake ya misumari. Likirudi mahali pake, kwenye mbao zake, msumari unaingia tundu lilelile na maji hayapiti. Likikosa mahali pake, unatoboa upya, na tundu la zamani linabaki wazi.

Mimi wakati huo sikujua kusoma hata namba moja.

"Labda umande umezifuta," nilisema.

Akatazama mikono yangu. Mchanga ulikuwa bado kwenye kucha. Akageuka akaokota bati jingine; afadhali angenipiga.

Siku tatu alikuwa anapandisha bati, anashusha, anajaribu jingine. Gaspari, balozi wetu wa nyumba kumi, alipita akasimama.

"Fundi, unacheza karata huko juu? Mvua hiyo hapo!"

Siku ya nne mawingu yalishuka. Pancras akapigilia tu, lolote lililomjia mkononi.

Tuliziba matundu kwa vitambaa na lami. Jua likiwaka, lami inayeyuka. Mvua ikija, tunasogeza kitanda cha mama. Tulikizungusha chumba kizima.

"Mwanangu," Melania aliniambia huku anahema, "leo tunahamia kijiji gani?"

Nilicheka naye. Sikumwambia ni mimi. Alifariki mwezi wa nne, masika hayajaisha, blanketi lake limelowa upande wa miguu.

Mwaka sabini na nane Pancras aliitwa vitani pamoja na wanamgambo wenzake. Aliniambia mlangoni, "Nikirudi nitaifungua yote, niyapange upya. Wewe usiguse." Hakurudi.

Baadaye niliingia kisomo cha watu wazima, mkubwa kuliko wote darasani, nikajifunza namba. Deodata, binti yangu, anataka kuniletea mabati mapya. Nimemkatalia. Namba naziandika sasa, moja mpaka ishirini na mbili, bila kukosea. Chaki ninayo. Nasimama chini ya paa nikitazama juu, na sijui lipi lilikuwa la kwanza.