Sampuli Safi ya Daktari Gachau

Katika maabara moja kati ya Thika na Ruiru, Daktari Gachau akiwepo, hakuna anayetaja sampuli safi.

Kazi yake ya maisha ni kipimo kimoja. Anataka zahanati ya kawaida iweze kugundua kichocho kwa kutafuta vinasaba vya mnyoo ndani ya mkojo, hata kabla mayai hayajaonekana kwa darubini. Kila kipimo kinapofanywa, kando ya mikojo ya wagonjwa huwekwa mkojo wa mtu asiyeugua. Hiyo ndiyo sampuli safi. Ikionyesha mnyoo, kazi yote ya siku hiyo hutupwa.

Gachau alitoa mkojo wake mwenyewe. Alizaliwa Gatundu, kwenye baridi ya milimani kusiko na kichocho, na anaishi Membley kwenye maji ya bomba. Hakuona aliyekuwa safi kuliko yeye. Hakukumbuka, au hakutaka kukumbuka, safari za utafiti za Kwale, pwani, alikoingia mabwawani kwa miguu mitupu kuokota konokono wanaoeneza mnyoo huo, kwa sababu buti zilimbana.

Kui Ndegwa, mwanafunzi wake wa uzamili, alipofanya kipimo, sampuli safi ilionyesha mnyoo. Akarudia. Ikaonyesha tena. Katika kazi hiyo, jibu la namna hiyo huchukuliwa kuwa uzembe wa mpimaji: tone la mgonjwa limeruka mahali lisipofaa. Kui alibadilisha glavu, dawa za kupimia, hata meza.

"Labda shida ni huo mkojo wenyewe," alisema kwenye kikao cha Jumatatu.

"Huo mkojo ni wangu," Gachau akajibu, na watu wakacheka. "Kui, kuna mikono ya maabara na kuna mikono ya kukamua ng'ombe. Yako nimeiona."

Akamwondoa kwenye mradi, na tangu hapo sampuli safi ikatolewa na dereva wa maabara. Hakuna mhadhiri mwingine aliyemtaka mwanafunzi mwenye sifa hiyo, na Kui akaacha masomo. Alifungua duka la maziwa Mwiki.

Miaka ikapita. Gachau alianza kukojoa damu, akadhani ni tezi dume kama wanaume wengi wa rika lake. Alikwenda kliniki moja mjini Ruiru. Tabibu kijana, Kimeu, alirudi na majibu.

"Mzee, umewahi kusikia kichocho?"

"Nimesikia."

"Kinatoka kwa maji. Kuna konokono fulani, wadogo hivi. Unajua konokono?"

"Najua."

"Basi usijali, ni vidonge tu. Na unafanya kazi gani?"

Gachau alisema ni mwalimu.

Maabarani, kabla ya kumeza vidonge, alipima mkojo wake sambamba na wa dereva. Wa dereva ulikuwa safi. Kisha akatoa kwenye friji chupa zake za zamani, zile alizotumia Kui. Zote zilikuwa na mnyoo. Mwiki si mbali na Membley, lakini ilimchukua majuma kadhaa kufika.

Kui alikuwa akimpimia mama mmoja maziwa. "Daktari," alisema bila kuinua kichwa. "Maziwa gani, mala ama fresh?"

"Kui, ule mkojo ulikuwa na ugonjwa. Mgonjwa nilikuwa mimi."

Kui aliendelea kumimina mpaka chupa ikajaa.

"Nitaandikia idara barua," Gachau akasema.

"Barua ya nini? Mimi ulinisema mbele ya watu."

"Basi nikuombe msamaha hapa."

"Huyu mama hakuwa kwa kikao. Jumatatu bado mnakutana?"

Jumatatu Kui aliketi karibu na mlango. Gachau alianza na historia ya kipimo, akaingia kwenye viwango vya makosa yanayokubalika, akapanguza miwani.

"Daktari, sema tu ule mkojo ulikuwa wa nani," Kui akasema.

"Ulikuwa wangu. Mikono ya Kui haikuwa na kosa. Nilimfukuza kwa ugonjwa wangu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Alisimama pale akiwasubiri wacheke.

Kui amerudi masomoni, chini ya msimamizi mwingine. Kipimo huhitaji pia sampuli ya mtu anayejulikana kuwa mgonjwa, ya kulinganishia, na aliomba ruhusa ya kutumia zile chupa za zamani. Gachau hakuwa na sababu ya kumnyima. Siku za kipimo Kui hufungua friji, hutoa chupa yenye jina la mwalimu wake na kuiweka mezani mahali pa mgonjwa, na Daktari Gachau hupata shughuli nje.