Eda ya Mama na Hoja za Abti

Waliokuwepo ni hawa: mama yangu, baba yangu, ayeyo, yaani nyanya aliyemzaa baba, abti, yaani kaka mkubwa wa mama, aliyefundisha watoto Kurani, na mimi, msichana wa kuchunga mbuzi asiye na mbuzi tena. Majina yao ninayo yote, hata ya ngamia wetu ninayo, lakini wenyewe wameshalala na sikuwaomba ruhusa. Nitawaita kwa udugu.

Ilikuwa wakati wa vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini mashariki. Serikali ilitukusanya ndani ya seng'enge, upande wa Garissa, nyumba zetu za miti na mikeka zimebanana. Ngamia wa baba walipigwa risasi kisimani na askari, wote, yeye amesimama anatazama. Alirudi, akaketi, akasema mbele ya watu: "Hakuna Mungu. Angekuwepo angeona."

Alilisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayesema hakuna sukari. Lakini lilisikika. Abti akaja uso umemshuka, akamwambia mama kwamba mume akimkana Mungu, mke anaanza kukaa eda, siku za kungoja. Akirudi kabla haijaisha, ndoa ni ile ile. Ikiisha naye bado anakana, si mumewe tena.

Kwetu nyumba ni ya mwanamke, huijenga mwenyewe. Kwa hiyo baba ndiye angetoka. Atoke aende wapi? Mwanamume asiye na nyumba ndani ya seng'enge, askari walimwita shifta, na waliochukuliwa kwa jina hilo hatukuwaona tena.

Mama hakulia. Alitundika mkeka katikati ya nyumba. Baba akabaki upande wa mlangoni, sisi upande wa ndani. Chakula chake nilikipitisha mimi chini ya mkeka.

Abti akawa anakuja baada ya alasiri kumthibitishia baba kwamba Mungu yuko. Jamani, zile alasiri zilikuwa ndefu. Joto, nzi, na watu wawili waliochoka wanabishana juu ya mwenye mbingu.

"Shemeji, ukiona unyayo mchangani, utasema umejichora wenyewe?"

"Siku hizi naona nyayo za buti tu. Hizo zinanionyesha nani?"

Abti akafunga kitabu chake, akaenda zake.

Siku nyingine ayeyo akaingilia. "Wewe niliyekuzaa! Kama hayuko, haya meno mawili nimepewa na nani?"

"Na mengine yote, mama, kachukua nani?"

"Si huyo huyo! Kumbe unamjua."

Hata abti alicheka. Baba hakucheka.

Eda ilipokaribia kuisha, mama hakuwa akila vizuri. Akamkabili kaka yake pale mlangoni. "Walaal, ndugu yangu, hoja zako zinaisha lini? Siku zangu mimi zinakwisha."

Siku hiyo abti hakuleta kitabu. Alikaa chini, akauliza, "Yule ngamia jike wako wa maziwa mengi, mama yake alikuwa nani?"

Baba hakuwa amewataja ngamia wake tangu kisimani. Sasa akamtaja mama wa yule jike kwa jina.

"Na huyo, mama yake?"

Akamtaja. Wakapanda hivyo, jike kwa jike, sauti ya baba ikipata nguvu kidogo, mpaka yule aliyekuja na babu yake kutoka Elwak.

"Na huyo alizaliwa na nani?"

"Sijui."

"Lakini alizaliwa."

"Alizaliwa. Hakujileta."

"Basi huko mwanzo kabisa..."

"Shemeji, umethibitisha kwamba sijui. Hilo nilikuwa nalo."

"Ulikuwa ukisema hakuna. Leo unasema hujui."

Baba akapumua kwa nguvu, akaugeukia mkeka. "Mama watoto, eda imebaki kiasi gani?"

"Leo, au kesho."

"Basi ondoa mkeka. Nimechoka."

"Hauondoki kwa uchovu. Sema kwanza."

Akatamka shahada, yote, kwa sauti ile ile ndogo, ya hakuna sukari. Abti akamwinamia. "Umeisema kwa ajili ya Mungu, au kwa ajili ya nyumba?"

"Walaal," mama akasema, "hilo usiulize."

"Lakini dini..."

"Wewe umesikia ulimi. Ya moyoni mwachie mwenyewe. Nenda, magharibi inakaribia."

Akaufungua mkeka, akaukung'uta vumbi, akautandika chini. Baba alilala juu yake hapo hapo, jua bado halijazama.

Tangu hapo aliswali mpaka kufa kwake. Kama aliamini, sijui, na mama hakumuuliza. Mimi nimesikiliza mawaidha mengi tangu wakati ule, na kwangu hakuna lililopita lile neno la baba, hakujileta. Hata hilo, siku nyingine, halinibebi mpaka jioni.

Wajukuu wa abti husema babu yao alishinda kwa hoja ya ngamia. Mimi nilikuwa nyuma ya mkeka na hivi ndivyo nilivyosikia. Nyumba zilibanana, kama jirani yetu mmoja yu hai na alisikia vingine, aniambie nirekebishe.