Bundi Watano Waliokuwa Wanne

Shemeji yangu Verlin Stuckmeyer alikuwa fundi wa matanuri ya kupasha nyumba joto, mjini Lima, Ohio, na ufundi huo ndio uliomponza. Tanuri hukaa chini ya nyumba. Na chini ya nyumba ndiko watu wa kwetu wanakoweka kila wasichotaka kukiona wala kukitupa: taa za Krismasi, magongo ya bibi aliyekwisha kufa, mitungi ya achari isiyo na achari, na maboksi ya santuri. Verlin akishasafisha tanuri hupangusa mikono, hupanda ngazi nusu, kisha huuliza kwa sauti ya mtu anayeomba maji: "Mama, zile santuri pale chini, kuna mtu anazisikiliza?"

Mara nyingi hapakuwa na mtu anayezisikiliza.

Hakutaka santuri za wanamuziki wakubwa. Hizo alizipangusa vumbi akazirudisha kwenye boksi. Alichotafuta ni zile ndogo, zenye wimbo mmoja kila upande, walizorekodi vijana wa shule mwaka sitini na tano, sitini na sita, sitini na saba. Enzi zile kila mji wa kwetu, hata ule wenye kanisa moja na ghala moja la mahindi, ulikuwa na vijana wanne walionunua magitaa kwa pesa za kufyeka majani, wakafanya mazoezi kwenye gereji ya baba wa mmoja wao mpaka majirani wakaita polisi. Ndiyo maana watu wakauita muziki wa gereji. Walipiga ovyo, waliimba kwa hasira, wasichana walikuwa wamewakataa. Walichanga, wakaingia studio mchana mmoja, wakatengenezewa santuri mia mbili tatu, wakawauzia binamu zao, basi. Mwaka uliofuata mmoja kaoa, mwingine kaenda jeshini, bendi imekufa.

"Shemeji," nilikuwa namwambia, "watoto hawa hawajui hata kupiga."

"Hawajui," ananijibu. "Lakini sikiliza wanavyotaka."

Dada yangu Nadine, mkewe, hakuupenda muziki ule hata chembe. Alisema ni kelele za watu wanaoanguka ngazi wakiwa wamebeba sufuria. Ila alimshonea Verlin mifuko ya kitambaa ya kubebea santuri, mmoja mmoja, na kila mmoja akautia kifungo.

Santuri hizo zikawa adimu, na watu wakaanza kutengeneza albamu za mkusanyiko: unachukua nyimbo kumi na nne za bendi kumi na nne zilizokwisha sahaulika, unazitia kwenye santuri moja kubwa. Nyingine zilitengenezwa kwa heshima, nyingine kwa wizi mtupu, bila kumuuliza mtu. Katika albamu moja ya wizi, iliyotoka ng'ambo, Verlin alisikia wimbo uitwao "Umeondoka na Baiskeli Yangu." Kwenye jalada, palipostahili jina la bendi, palikuwa na neno moja: Hawajulikani.

Wimbo ule ulimkaa rohoni. Kijana anaimba kwamba msichana kamwacha, sawa, atavumilia, lakini baiskeli je? Na unasikia kabisa kwamba hazungumzii baiskeli. Verlin aliuimba akiwa mvunguni mwa matanuri ya watu kwa miaka miwili. Kisha mwaka themanini na nane, chini ya nyumba ya mjane mmoja huko Ottawa, mji mdogo wa Ohio hiyo hiyo, nyuma ya godoro la mtoto, aliukuta wenyewe. Santuri nzima, haina hata mkwaruzo. Kwenye karatasi ya katikati pameandikwa Bundi Watano, na hakuna anwani wala jina la mji.

Nadine aliniambia alirudi nyumbani siku ile, akakaa mezani bila kuvua buti, akala tambi zilizomwagwa juu ya viazi vya kupondwa kama mtu aliyetoka kuzaliwa. Aliisikiliza santuri mara moja tu, akairekodi kwenye kanda, akaifungia kabatini. Kila sindano inapopita, santuri huchakaa kidogo, na zile zilizojulikana duniani zilikuwa mbili.

"Hiyo ni santuri au yai?" Nadine akamuuliza.

"Yai ukilivunja unapata jingine," Verlin akasema.

Hapo ndipo alipoamua kutengeneza albamu yake mwenyewe, ya bendi za mkoa wetu, na kila bendi aiombe ruhusa kwa mdomo wake. Bendi kumi na tatu alizipata. Bundi Watano hawakupatikana. Mwishowe akaweka tangazo kwenye magazeti ya wilaya: nani anawajua? Baada ya wiki tatu ikaja kadi ya posta yenye mwandiko wa kuku: "Mimi ndiye Bundi wa tano. Siku ya kurekodi ng'ombe wetu alikuwa anazaa, baba akanikatalia. Muulizeni Corwin Hasselbach, kinyozi, Paulding. Mwambieni bado ananidai gitaa."

Nilimsindikiza mimi. Ilikuwa mwaka tisini na moja, siku ya Alhamisi asubuhi, mashamba bado yana theluji kwenye matuta. Kinyozi Corwin alikuwa mtu mrefu mwenye mikono safi sana. Kwenye kiti palikaa mzee mmoja aliyeitwa Orville, povu limemjaa shavu moja, la pili limekwisha nyolewa. Verlin alivua kofia, akajieleza.

Corwin hakugeuka. "Kwa hiyo ni nyinyi. Wakusanya santuri."

"Ni mimi," Verlin akasema. "Huyu ni shemeji yangu, hana kosa."

Mzee Orville akacheka, povu likamwingia mdomoni.

"Tulia, mzee, nisije nikakutoa sikio." Corwin akafuta wembe. "Miaka minne iliyopita mtoto wa mteja wangu aliniletea albamu. Ananiambia, mzee Corwin, sikiliza huyu anayeimba, sauti kama yako. Nasikiliza. Ni mimi! Halafu nimeandikwa sijulikani. Miaka ishirini nawanyoa watu hapa mbele ya mahakama, nani hanijui?"

"Mimi nakujua," akasema Orville. "Unanyoa vibaya."

"Nyamaza. Sasa, bwana, hilo la kutoniomba nimesamehe. Pesa hazikuwepo, nilijua. Lakini wamekata mwanzo."

Verlin akaanza kuizungusha kofia mkononi.

"Mwanzo upi?" nikauliza mimi.

"Hesabu. Mdogo wangu Lyle ndiye aliyepiga ngoma. Kabla hatujaanza anahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne! Wao wameanzia kwenye gitaa, wakamtupa Lyle kama ganda." Sasa akageuka, wembe mkononi. "Tulirekodi Februari. Novemba ile ile gari lake likagongwa na treni pale njia panda ya Latty. Miaka kumi na minane. Santuri zetu zote zilikuwa chini ya nyumba ya mama, mafuriko ya themanini na mbili yakazibeba. Hatuna kanda, hatuna kitu. Sauti ya Lyle haipo popote. Sasa niambie, wewe uliyonayo ina hesabu?"

"Inayo," Verlin akasema. "Anakohoa kwanza, halafu anahesabu."

Corwin akaweka wembe chini. Alisimama hivyo, ameshika mgongo wa kiti, mpaka Orville akasema taratibu, "Corwin, mwanangu, hili povu linakauka." Akachukua tena brashi. Akasema bila kutuangalia, "Njooni Jumapili. Baada ya ibada. Nyumba iko nyuma ya duka hili, mama anakaa nami."

Ndani ya gari Verlin hakuwasha injini.

"Shemeji, ile hesabu nami nilikuwa nimeikata," akaniambia. "Kwenye kanda ya albamu. Nilitaka wimbo umpige mtu papo hapo, nikaona kile kikohozi kinaharibu. Nimeikata kwa mkono wangu, nikajisifu."

Nilimwambia tukale. Tukala pai ya cheri, yeye akaacha nusu, jambo ambalo sijaliona tena.

Jumapili alibeba gramafoni yake ndogo na santuri ndani ya mfuko wa Nadine. Nadine mwenyewe alikuja, kabeba bakuli la mayai ya achari, maana huendi nyumbani kwa watu mikono mitupu. Mama yake Corwin aliitwa Wilma. Alikuwa mwembamba, amevaa gauni la kanisani, soksi nene na ndara. Alitukalisha mezani, akatukagua mmoja mmoja.

"Nani ana sauti ya mwanangu?" akauliza.

"Mimi, mama," Verlin akasema.

"Basi usingoje kahawa kwanza. Wageni hunywa kahawa kwanza, halafu ndipo wanasema."

Verlin akaiweka santuri. Aliishika kingoni tu, kwa ile mikono iliyozoea kufungua mabomba ya gesi kwa upole wa daktari. Sindano ikashuka. Ukasikika mchakacho kidogo, kikohozi, kisha kijana akapaza sauti: "Moja, mbili, tatu, nne!" Kwenye tatu sauti ikapasuka, ikarudi. Halafu magitaa yakaangukia chumba.

Bibi Wilma akaweka kiganja mdomoni. Tukadhani analia, kumbe anacheka.

"Ana mafua!" akasema. "Corwin, umesikia? Ana mafua! Nilimwambia avae kofia. Asubuhi ile nilisimama mlangoni na kofia yake, akapita chini ya mkono wangu. Nilimwambia, Lyle, utaugua. Ananijibu, mama, mpiga ngoma havai kofia." Akapiga meza. "Mafua, mafua kabisa!"

Corwin alikuwa amegeukia dirishani.

"Irudishe," bibi akasema.

Verlin akairudisha. Akairudisha tena. Nilikuwa nimeanza kuhesabu, kwa kuwa nilijua mtu huyu ameisikiliza santuri hii mara moja katika miaka mitatu. Tulipofika mara ya sita bibi akasema, "Acha, nipishe, nitaweka mwenyewe. Wewe unachelewa."

Nadine akamtazama mumewe. Mimi nikatazama sakafu. Verlin akavuta kiti chake nyuma, akampisha.

Mkono wa bibi haukuwa na nguvu. Sindano ikateleza, ikakwaruza toka ukingoni hadi katikati, krrrt, ile sauti inayomfanya mkusanya santuri aamke akiwa usingizini. Bibi akashtuka.

"Nimeharibu?"

"Hapana, mama," Verlin akasema. "Ndivyo zinavyofanya. Weka tena, taratibu, hapa pembeni."

Akamshika kiwiko, wakaishusha pamoja. "Moja, mbili, tatu, nne!" Sasa mkwaruzo ulilia tik kati ya mbili na tatu, na pakabaki hivyo. Bibi hakujali. Alisikiliza hesabu tu. Wimbo ukianza anainua sindano, anarudi mwanzo. Corwin, aliyeimba wimbo wenyewe, hakupata nafasi ya kusikika hata ubeti mmoja.

"Mama, na mimi nimo humo," akalalamika.

"Wewe nakusikia kila siku," akajibiwa.

Tulipoinuka kuondoka Verlin alifunga gramafoni yake, lakini ule mfuko wa kitambaa wenye kifungo aliuacha mezani, na santuri ikiwa ndani. Corwin akamfuata nao hadi kwenye gari. "Bwana, umesahau."

"Sijasahau."

"Watu wananiambia kitu hiki kina thamani kubwa sana."

"Ndiyo," Verlin akasema. "Mpe mama."

Corwin akasimama kwenye theluji iliyochafuka. Akasema, "Albamu yako, tia wimbo. Nakuruhusu. Lakini usimkate."

"Simkati. Na ile kanda ya kwanza, yenye hesabu, niliirekodi kabla santuri haijakwaruzwa."

Njiani nilikaa kiti cha nyuma. Dada yangu, ambaye kwa miaka kumi na tano aliita vitu vile makopo ya kelele, alikuwa ameshika mkono wa mumewe kwenye gia, wakibadilisha gia pamoja. Mimi nilitazama mashamba.

Albamu ilitoka mwaka uliofuata, nakala mia tano. Wimbo wa baiskeli ndio wa kwanza, kikohozi, hesabu na yote. Kwenye jalada Verlin aliandika majina ya Bundi wote watano, na kando ya jina la yule wa tano akaongeza: hakuwepo, ng'ombe alizaa. Kuna mkusanyaji mmoja wa Cleveland alimwandikia barua kali kwamba mwanzo ungeondolewa albamu ingekuwa na nguvu zaidi. Verlin alimjibu kwa adabu, kurasa nne.

Tangu hapo akawa anaendesha gari karibu saa nzima kwenda Paulding kukatwa nywele, na nywele zenyewe hazikuwa nyingi. Nadine akimuuliza kwani Lima hakuna vinyozi, anasema wa Paulding ana bei nzuri. Walikuwa wanabishana na Corwin juu ya magitaa, Orville akiwachochea, na Verlin akitoka pale huingia nyumbani nyuma ya duka kumsafishia bibi tanuri lake hata kama limesafishwa mwezi uliopita.

Bibi Wilma alifariki mwaka tisini na nane, Machi, akiwa na miaka themanini na minne. Corwin alipiga simu, nikapokea mimi kwa sababu nilikuwa kwa dada siku ile. Aliomba Verlin awe mmoja wa wabeba jeneza. Kanisani wakawapanga: Corwin na binamu zake kwa umri, wawili wawili. Upande wa kushoto, mbele, mkabala na Corwin, palibaki nafasi. Msimamizi wa mazishi akataka kumsogeza binamu mmoja aijaze.

"Hapana, hapo ni pa mdogo wangu," Corwin akasema, akamwita Verlin kwa mkono. "Njoo, shika hapa."

Verlin akavua glavu, akashika.