Mbuyu Mbele ya Sukari

Mama yangu hupika mabuyu, na sipendi mtu aseme "mabuyu tu" mbele yangu. Mbegu hutoka kwao Kitui kwenye gunia, zikiwa bado na unga wake mweupe, na siku ya kupika jengo letu zima la Gatina, Kawangware, hunukia iliki. Wapangaji wa juu huacha milango wazi makusudi, wanajifanya wanapunga hewa.

Kwa miaka mingi mabuyu yake yalikuwa mekundu ya kutisha. Nilikuwa nikiyapeleka Kambi Muru, Kibera, kwa rafiki yangu mwenye kibanda karibu na lango la shule. Wanafunzi wa pale walikuwa na mtihani wao: unamumunya, unatoa ulimi, wenzako wanaukagua. Ulimi ukiwa mwekundu, mabuyu ni mazuri. Ukibaki wa kawaida, umeibiwa. Mama aliujua mtihani huo, kwa hiyo rangi aliitia kwa kijiko kilichojaa. Aliinunua sokoni Kawangware, imefungwa kwenye kipande cha gazeti, haina jina wala maelezo.

Alasiri moja akaja mtu wa afya kukagua vyakula vinavyopikwa majumbani. Alikuwa kijana mpole, koti jeupe limemzidi mabega. Akafungua kile kikaratasi, akanusa.

"Mathe, hii ni rangi gani?"

"Kwani huoni ni red?"

Nikacheka, naye akacheka, lakini hakuondoka. Akatueleza kwamba rangi ya chakula huuzwa kwenye chombo kilichofungwa, chenye jina lake na tarehe ya kuisha. Hii ya gazeti huenda ikawa hata ile ya kupaka mkonge wa vikapu. Akasema pia kila pakiti ya mabuyu iwe na lebo yenye viungo vyote, rangi ikiwemo, na kilicho kingi kitangulie. Mama alikuwa ameshafungua mdomo kumgombeza. Mimi nilikuwa nyuma yake, tayari kumalizia, maana hasira zangu haziko mbali.

Hapo yule kijana akamwona binti yangu, mtoto wa chekechea, amekaa kwenye stuli na bakuli la mabuyu. Meupe pe.

"Na mbona ya huyu haina rangi?"

"Huyo ni mjukuu wangu," mama akasema.

Kisha akaangalia lile bakuli, halafu kile kikaratasi cha rangi. Kila siku nilimwona akitenga yale meupe kabla ya kutia rangi, nikidhani mtoto ndiye anayeyapenda hivyo. Mtu wa afya alisema atarudi, akatuaga.

Kabla jua halijazama mama alikuwa ameimwaga ile rangi kwenye choo cha pamoja. Jirani aliyeingia baada yake alitoka mbio akipiga nduru, akidhani kuna mtu amechinjwa.

Tukatafuta rangi ya chakula yenye jina na maelezo. Mama akaipima kama ilivyoandikwa kwenye chupa, na mabuyu yakatoka ya waridi hafifu, yenye haya. Ikabaki lebo. Niliandika viungo kwenye simu ili vichapishwe kwenye saiba ya kompyuta, naye akawa anachungulia begani kwangu.

"Sukari ndio ya kwanza? Mbuyu ya kwetu ikae nyuma ya sukari?"

"Ndiyo sheria, mum. Kilicho kingi kinatangulia."

"Basi isikuwe mingi."

Akapunguza sukari, akaongeza unga wa mbuyu, akapunguza tena, mpaka mbuyu ukaongoza. Nilipoonja, jicho moja lilijifunga lenyewe. Nikamwambia hapa tumejimaliza: hakuna wekundu, hakuna utamu. Hakunijibu kwa ukali wake wa kawaida. "Watoto wakikataa," akasema, "mimi sina kazi ingine najua." Niliogopa kwa ajili yake.

Siku ya kuyapeleka alikataa kubaki nyumbani. Tulifika kibandani yeye, mimi na binti yangu, wanafunzi wakiwa ndio wanamwagika langoni. Wa kwanza akamumunya, akatoa ulimi.

"Ai! Hii imechujuka!"

Mama akakaza leso kiunoni. Msichana mmoja mkubwa akaichukua pakiti, akaisoma kwa sauti ya darasani: "Mbuyu. Sukari. Pilipili. Iliki. Rangi ya chakula." Kabla hajamaliza, yule wa kwanza alikuwa ameufikia uchachu wenyewe. Uso wake ulijikunja wote, masikio yakasogea.

"Cheki sura yake!"

"Mimi siwezi kunja uso, nipe!"

Akapewa, akakunja. Mwingine akaapa yeye ni ngumu, akakunja kuliko wote. Papo hapo ukazaliwa mtihani mpya, wa kula bila kukunja uso, na hakuna aliyekuwa anaupita. Walikuwa wanasukumana, wanacheka, wanalia machozi ya uchachu na kunyoosha mikono tena. "Yawa!" rafiki yangu akapiga kelele. "Hawa watamaliza hii stock leo leo!"

Binti yangu akavuta leso ya bibi yake. "Susu, na mimi."

Mama aliingiza mkono kwenye kikapu kile kile, akatoa pakiti iliyokuwa juu, akaichana kwa meno. Akammiminia mjukuu wake nusu kiganjani. Nusu iliyobaki akampa mtoto aliyesimama kando yake, ambaye hatukumjua. Nyuso zote mbili zikakunjika kwa pamoja, na mama akacheka hadi akakalia kreti. Nilifurahi mpaka nikasahau kuuza.