Nywele za Jirani Yetu wa Bluff

Juzi nilikuwa kwenye teksi ikishuka kutoka Morningside, redioni ikatoka sauti ya mwanamume, nyembamba, inayopanda juu kama ya mama anayeita mtoto aliye mbali. Ubeti wa kwanza haujaisha, nikawa nanusa spreyi ya nywele. Sijui wewe, rafiki yangu, kama umewahi kurudishwa utotoni na harufu ambayo haipo.

Tulikaa Bluff wakati ule, mtaa wa karibu na bandari, mbali na nchi yetu. Mama alisuka watu sebuleni, sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikichemka nyuma ya pazia, na honi za meli zikituingilia dirishani. Jirani yetu, mzungu mrefu aliyechomelea vyuma bandarini, zamani aliimbia bendi ya roki kwa sauti kama ile ya redioni, bendi zile za wanaume wenye suruali za ngozi za kubana, wanja machoni na nywele zilizotimuliwa kama manyoya ya simba. Picha yao ilining'inia kwake ukutani. Mimi nilidhani ni dada zake.

Kisha roki ikabadilika. Vijana wakapanda jukwaani na mashati ya kushindia nyumbani, wakaimba huzuni zao wakitazama viatu, na bendi ya jirani ikanyamaza miaka mingi. Hatimaye wakarekodi albamu ya kurudi. Wenzake walikuwa wameshanyoa, wakamtaka naye anyoe ili waonekane wa kisasa. Akaja kwa mama, akavua kofia. Nywele zilibaki za pembeni tu. Akasema bila nywele hajui sauti yake itokee wapi.

Mama alimtazama kiooni, kisha akanigeukia.

"Lete ile nywele ya manjano," akasema kwa Kiswahili cha kwetu, ambako papa ni baba. "Huyu papa haiko wazimu. Iko na matanga."

Alimshonea nywele hizo za bandia tangu asubuhi, kwenye wavu uliofungwa kwa zile za pembeni. Wateja wakangoja bila kunung'unika, wakitoa ushauri kwa Kiswahili, Kifaransa na Kizulu. Sombe ilipoiva akapakuliwa, akala shingo imenyooka.

Uzinduzi ulikuwa Jumamosi mchana, ukumbini Queensburgh. Viti vingi vilikuwa vitupu. Mpiga ngoma alipomwona alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akamkumbatia, hakutaka kumwachia. Jirani akaimba. Wateja wa mama, na vitenge vyao, wakainuka kucheza nyimbo wasizojua hata neno lake moja. Mama, aliyeuita muziki ule makelele, alisimama ameshika mkoba kifuani mpaka wimbo wa mwisho.

Albamu haikufika mbali. Jirani akarudi kwenye vyuma vyake, na kila nywele zilipolegea mama alizishona upya. Asubuhi, kabla ya kazi, tulimsikia uani akiijaribu sauti, akipanda, akikwama, akianza tena.

Mama ametuacha. Jirani alihama, sijui aliko. Nyumba zile mbili sasa zina kuta ndefu na mageti ya umeme. Nimewahi kusimama pale mapema, watu wakienda kazini. Magari yalitoka, mageti yakajifunga, na hakuna aliyeimba.